Saratani ya ini kuthibitishwa kwa MRI bila kutoa kinyama: inawezekana, au tunaliwa?

#1 KayoleJunction
Wakuu, salamu. Nina mzee wangu wa miaka 67, nimemleta mjini kutoka Makueni tangu Februari. Alikuwa aende kupasuliwa ngiri, wakampima damu kwanza, ikapatikana ana homa ya ini aina ya B. Hakuwahi kujua. Wakampiga ultrasaundi wakaona donge kwenye ini, upande wa kulia, sentimita 2.3. AFP yake, ile alama ya saratani ya ini inayopimwa kwenye damu, ni 38. Tukatumwa MRI ya kontrasti, ile dawa inayodungwa ili picha ionekane vizuri. Majibu yamerudi yameandikwa "LR-4". Daktari anasema kuna uwezekano mkubwa ni saratani ya ini. Anataka MRI irudiwe, na ikitoka anavyodhani, hataomba hata kinyama cha kupeleka maabara.

Baba mdogo amekataa katakata. Anasema tangu azaliwe hajaona mtu akiambiwa ana kansa kabla nyama yake haijawekwa chini ya darubini. Mimi niko katikati na bahasha ya kaki mkononi. Zile filamu nimeziinua dirishani mara kumi na sioni kitu ila mawingu. Picha peke yake inaweza kusema ni saratani?

#2 MzeeWaKazi254
Mnaliwa. Mashine imeletwa kwa mkopo, lazima ijilipe. Ya kwanza mlilipa ngapi? Ya pili mtalipa ngapi? Piga hesabu mwenyewe.

#3 Kinyozi_Umoja
Natandika mkeka hapa. Wataalamu wakiamka mniite.

#4 DaktariPembeni
Pole kwa mzee. Baba mdogo ana haki kwa karibu kansa zote: titi, tezi dume, koo, shingo ya kizazi. Huko bila kinyama hakuna jina. Ini ndilo limejitenga. Saratani inayoanza kwenye seli za ini zenyewe inaweza kuthibitishwa kwa CT au MRI ya kontrasti peke yake, ila kwa watu maalum tu: mwenye ini lililojaa makovu, yaani sirosisi, au mwenye homa ya ini B ya muda mrefu. Mzee wako anaingia hapo.

LR-4 ni daraja kwenye mfumo unaoitwa LI-RADS, uliotolewa na chuo cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani mwaka 2011, na toleo linalotumika sana ni la 2018. LR-1 hakika si hatari, LR-5 hakika ni saratani ya ini. LR-4 ni "huenda sana". Kwenye tafiti, karibu robo tatu za LR-4 hutokea kuwa saratani kweli, na LR-5 ni zaidi ya tisa kwa kumi. Kwa hiyo daktari wenu hakubuni. Amesoma alichoandikiwa.

#5 MzeeWaKazi254
Robo tatu. Na hiyo robo nyingine je? Ndiyo itakatwa ini bure?

#6 DaktariPembeni
#5 Hiyo robo ndiyo sababu anataka irudiwe badala ya kukimbilia kisu. Umejijibu.

#7 FundiWaSumaku
Mimi ndiye ninayewalaza watu kwenye hiyo mashine, mwaka wa tisa sasa. Kusoma picha si kazi yangu, lakini jinsi inavyofanya kazi nawaeleza.

Ini lina milango miwili ya damu. Karibu robo tatu ya damu yake inatoka matumboni kupitia mshipa mkubwa uliobeba chakula, na robo iliyobaki inaletwa na ateri moja kwa moja kutoka kwa moyo. Donge la saratani likikua, linaacha ule mlango mkubwa na kujichimbia mirija kutoka kwa ateri. Mwizi wa stima tu, anavuta waya wake kutoka kwenye nguzo.

Sasa tukidunga kontrasti mkononi, inafika kwenye ateri kwanza, kama sekunde 30 hivi. Donge linawaka jeupe huku ini lililobaki bado ni kijivu. Baada ya dakika moja na kuendelea, ini lote limejaa dawa kutoka mlango mkubwa, na donge limeshaanza kuitema. Linageuka jeusi kuliko jirani zake. Kuwaka mapema na kufifia mapema, hiyo ndiyo saini yake. Wakati mwingine kunaonekana pia utepe mweupe umelizunguka kama ganda.

Ndiyo maana filamu dirishani haikuonyeshi kitu. Si picha moja. Ni donge lilelile mara nne tano kwa saa tofauti, na msomaji anazilinganisha kwenye skrini. Shikilia ile CD, wachana na filamu.

#8 KayoleJunction
#7 Mwizi wa stima! Hiyo nimempelekea baba mdogo kwa simu, amecheka lakini hajakubali. Asante.

#9 Wangari_Ruiru
Mimi naunga mkono baba mdogo. Shangazi yangu aliambiwa ana uvimbe mbaya kwenye ini. Tukalia mwezi mzima, harambee tukapanga. Kumbe ni kifurushi cha mishipa ya damu, sijui wanakiitaje, alizaliwa nacho. Mpaka leo yuko Ruiru anauza mitumba.

#10 DaktariPembeni
#9 Hemanjioma. Ndiyo uvimbe usio na madhara unaopatikana zaidi kwenye ini. Nikuulize: aliambiwa baada ya kipimo gani?

#11 Wangari_Ruiru
Ultrasaundi.

#12 DaktariPembeni
Basi. Ultrasaundi inasema "kuna kitu", haisemi kitu gani. Na naweza kubashiri hata kilichomwokoa: CT au MRI ya kontrasti. Hemanjioma hujaa dawa kuanzia pembeni, vidonge vidonge, kisha polepole hadi katikati, na inaishikilia. Tabia yake ni kinyume cha ile ya #7.

#13 Wangari_Ruiru
Ilikuwa MRI kweli 😅 Lakini msimamo wangu uko palepale. Shangazi hakuwa na homa ya ini, na hakuna aliyeuliza.

#14 FundiWaSumaku
#13 Hapo umegusa penyewe, hata kama hukukusudia. LI-RADS haitumiki kwa mtu ambaye ini lake ni zima na hana B. Donge lilelile kwa kijana mwenye afya linaweza kuwa vitu kumi. Kwa huyo, kinyama lazima.

#15 Omosh_wa_Dago
Mimi shida yangu ni hiyo dawa. Gadoliniamu ni chuma. Mnamtia mtu chuma kwenye damu halafu mnashangaa figo zikifa? Jirani alidungwa akatoka vipele mwili mzima.

#16 DaktariPembeni
#15 Tutenganishe. Ile ya CT ni iodini, na hiyo ndiyo huogopwa kwa figo. Ya MRI ni gadoliniamu. Yenyewe ikiwa uchi ni sumu, kwa hiyo hufungwa ndani ya molekuli nyingine na kutoka kwa mkojo ikiwa bado imefungwa. Tatizo lililowahi kutokea ni la ngozi na viungo kukakamaa kwa watu ambao figo zao zilikuwa tayari zimechoka kabisa. Lilihusishwa na dawa hizi mwaka 2006. Dawa za aina ile ya zamani zimeachwa na sasa ni nadra sana. Ndiyo maana mnapimwa kreatinini, kipimo cha figo, kwanza. Vipele ni mzio, unaweza kutokea kwa dawa yoyote.

#17 Omosh_wa_Dago
Na ile ya kubaki kwenye ubongo? Nilisoma.

#18 DaktariPembeni
Ulisoma vizuri. Chembe hubaki kwa waliodungwa mara nyingi, hasa dawa za muundo ulio wazi. Ulaya mwaka 2017 walisimamisha nyingi za aina hiyo, lakini mbili wakaziacha kwa kazi ya ini tu kwa sababu seli za ini huzivuta ndani. Hakuna aliyeonyesha madhara ya ubongo kwa waliobaki nazo. Ila hapa sitakutania, ni swali halali.

#19 Kinyozi_Umoja
Mimi niliingia MRI ya mgongo. Hiyo dawa si kitu, kelele ndiyo itakumaliza. Ni kama kufungiwa ndani ya sanduku la bati pale Kamukunji na fundi hajui umo, anaendelea kugonga.

#20 Shanga_za_Malindi
Mimi waliniuliza kama nina chuma mwilini nikasema sina. Nikasahau pini tatu za nywele. Ziliponyoka, yule kijana alinitazama kama mama mkwe.

#21 MkulimaMtito
Turudi kwa mzee. Ametoka Makueni? Hapo ndipo swali lilipo, si kwa mashine. Mwaka 2004 Makueni na Kitui watu walikula mahindi yenye ukungu, wagonjwa 317 na 125 wakafa. Mimi nilikuwa shule ya msingi, nakumbuka gunia zikichomwa. Hiyo sumu ndiyo inakula ini za watu wetu. Mkitaka kujua chanzo msitafute mbali, angalieni ghala.

#22 PwaniMtamu
#21 Jina lake ni sumukuvu, bwana mkulima. Kiswahili chenu cha bara kitatuua kabla ya mahindi.

#23 MkulimaMtito
#22 Ukila githeri yenye sumukuvu na ukila yenye aflatoksini unaendesha vilevile.

#24 DaktariPembeni
#21 Rekebisho moja. Wale wa 2004 walikufa kwa sumu nyingi ya ghafla, ini lilizima kwa siku chache. Saratani ni hadithi nyingine: kidogo kidogo, miaka ishirini, thelathini. Lakini uko sahihi kwamba vimeshikana. Mwenye B akila sumukuvu, hatari haijumlishwi, inazidishwa.

#25 MzeeWaKazi254
Na pombe je? Mzee wa miaka 67 wa Ukambani hajaonja kaluvu?

#26 KayoleJunction
#25 Mzee ni mzee wa kanisa tangu 1989. Hata soda anaitazama kwa mashaka.

#27 Omosh_wa_Dago
Basi ni mitishamba. Au dawa za maumivu. Hawa wazee hutafuna vidonge kama njugu.

#28 DaktariPembeni
B yenyewe inatosha. Tena B ina ujeuri mmoja: inaweza kuleta saratani hata kabla ini halijapata makovu. Ndiyo maana mwenye B ya muda mrefu anatakiwa ultrasaundi kila miezi sita akifika umri wa hatari, hata akijisikia mzima. KayoleJunction, wewe na ndugu zako mmepima? Chanjo ya B iliingia kwenye zile za watoto wachanga hapa kwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mliozaliwa kabla ya hapo hamkuipata kliniki.

#29 Njeri_KahawaWest
Swali la kijinga. Kwa nini MRI na si CT? CT ya mama yangu ilichukua dakika tano na bei ilikuwa nafuu. MRI tuliambiwa tungoje wiki tatu.

#30 FundiWaSumaku
Si la kijinga, hata madaktari hubishana. Zote mbili zinakubalika. MRI hukamata madonge madogo zaidi, hasa chini ya sentimita 2, na haina mionzi. CT ni ya haraka, na kwa mtu asiyeweza kushika pumzi au mwenye maji mengi tumboni mara nyingi inatoka safi zaidi. MRI mbovu haifiki CT nzuri. Nasema hivi na ndiyo inayonilisha.

#31 KayoleJunction
Wakuu, nimerudi na kitu. Jana usiku nimesoma ripoti neno kwa neno, nikakuta mstari ambao hakuna aliyetuambia. Unasema awamu ya ateri "imeathiriwa na mtikisiko". Halafu unasema donge "linafifia katika awamu za baadaye". Nikamuuliza mzee ilikuwaje mle ndani. Mnajua alichoniambia?

Anasema kulikuwa na mwanamke ndani ya ukuta anaongea Kiingereza. Hakumwelewa, na sikio lake la kushoto halisikii vizuri, na alikuwa amevalishwa vifuniko. Kila yule mwanamke akiongea, mzee alikuwa akimuuliza, "Nani? Unasemaje?" Mle ndani! Mzee wangu ni Mkamba wa kijijini. Kiingereza chake ni cha Biblia ya zamani. Nilikuwa nje kwenye benchi nachezea simu na hakuna aliyeniita. Sikitaji kituo, lakini roho imeniuma.

#32 Kinyozi_Umoja
"Nani?" 😂😂 Pole mzee, lakini nimecheka.

#33 FundiWaSumaku
#31 Hiyo ndiyo yenyewe. Ule ni mkanda uliorekodiwa: vuta, toa, shika. Na kati ya picha zote, ya ateri ndiyo haina marudio. Dawa ikishapita imepita, huwezi kuiita irudi. Nyingine mtu akitikisika unapiga tena. Hii ukiikosa, umemdunga bure.

#34 DaktariPembeni
Na inaeleza daraja. Donge la zaidi ya sentimita 2 likiwaka mapema na kufifia baadaye ni LR-5. Likionekana linafifia lakini kule kuwaka hakukuonekana, haliruhusiwi kupanda zaidi ya LR-4. Daktari wenu aliona pengo hilo, ndiyo maana amesema irudiwe.

#35 Njeri_KahawaWest
Au dawa ndiyo ilimtikisa? Mama aliwahi kudungwa ile maalum ya ini, waliyomngojesha dakika ishirini. Alisema pumzi ilikatika kidogo mara tu ilipoingia.

#36 FundiWaSumaku
#35 Inajulikana. Ile maalum, nusu yake huvutwa na seli za ini na kutoka kwa nyongo. Baada ya dakika ishirini ini zima linang'aa na donge linabaki shimo jeusi. Inapendeza sana. Lakini kuna wachache wanaoshindwa kushika pumzi sekunde zilezile za ateri, hata wanaoelewa Kiingereza. Mzee alidungwa ipi?

#37 KayoleJunction
Ripoti haisemi jina. Inasema tu "kontrasti ml 10".

#38 Wangari_Ruiru
Au donge lenyewe haliwaki. Mbona hamlisemi hilo? Mnamlaumu mwanamke wa ukutani.

#39 DaktariPembeni
#38 Inawezekana. Saratani changa nyingine bado hazijamaliza kuhamia kwa ateri. Au fundi alibonyeza mapema kabla dawa haijafika, hilo nalo hutokea. Kutoka hapa hatuwezi kujua.

#40 MzeeWaKazi254
Kwa hiyo badala ya MRI ya pili, chukueni kinyama mmalize ubishi. Sindano moja.

#41 DaktariPembeni
#40 Sindano ina bei yake pia. Ini lenye ugonjwa huvuja damu. Mara chache, kama mbili tatu katika mia, seli za saratani hufuata njia ya sindano na kuota huko. Na kwa donge dogo sindano inaweza kukosa shabaha, uletewe jibu la "hakuna kitu" ambalo ni la uongo. Lakini sitakuficha, wako wenzangu wanaotaka kinyama hata kwa LR-4, na kila mtu huwa na yake kwenye kikao cha madaktari cha kujadili mgonjwa.

#42 MzeeWaKazi254
Afadhali umekiri.

#43 Omosh_wa_Dago
Na AFP ya 38? Si ilipaswa kuwa mia nne?

#44 DaktariPembeni
400 ikipita, kengele inalia. Ikiwa chini, kengele haisemi kitu. Saratani nyingi changa huja na AFP ya kawaida kabisa.

#45 FundiWaSumaku
KayoleJunction, fanya hivi kabla ya siku ya pili. Mlaze mzee chali kitandani, mkono wake juu ya tumbo. Mwambie kwa Kikamba avute, atoe, kisha asimame hapohapo, tumbo lisitikisike. Hesabu hadi ishirini. Kutoa kwanza ndiko kunafanya ini litulie mahali pamoja kila mara. Mara tano asubuhi, mara tano jioni. Na ukifika, waombe wazime ule mkanda na wakuache wewe useme kwa kipaza sauti. Hakuna sheria inayokataza.

#46 PwaniMtamu
Mazoezi ya kwaya hayo. Mzee wa kanisa ataweza.

#47 KayoleJunction
Siku nne sasa. Ya kwanza alifika saba akacheka. Leo asubuhi amefika ishirini na mbili, ananitazama tu na jicho moja kama kuku. Mke wangu anahesabu na kijiko juu ya sufuria.

#48 KayoleJunction
Tumetoka huko sasa hivi, niko kwenye matatu. Fundi alikuwa muungwana, akazima mkanda, akaniachia kitufe. Nikasema mwenyewe: vuta, toa, shika. Yeye alikuwa ananyoosha kidole kila sekunde ikifika. Mzee hakutikisika. Fundi akageuka akaniambia picha ya ateri imetoka kali, lakini kilichomo ndani si kazi yake kusema. Ripoti ni Alhamisi, na kikao cha madaktari wiki ijayo. Baba mdogo amesema atakuja kikaoni na maswali yake yameandikwa.

Mzee alipotoka, akiwa bado anafunga mkanda wa suruali, akaniuliza: yule mama wa Kiingereza wamemfukuza?

#49 Kinyozi_Umoja
😂 Mkeka bado uko. Alhamisi niko hapa.

#50 DaktariPembeni
Hongera kwa pumzi. Lakini swali la #28 hujajibu.

#51 KayoleJunction
Nimepima, sina, nimeanza chanjo. Kaka pia yuko sawa. Dada ndiye anakataa kwenda, anasema hataki kujua.